Ghala Moja, Vyungu Vingi
Jinsi kikundi kinavyoweza kutengeneza tovuti na programu za simu kwa mfumo wa maudhui "usio na kichwa"



Siku hizi si ajabu mwenyekiti wa kikundi kuulizwa na mnunuzi au mfadhili, "Mko na tovuti?" Mwingine naye anauliza, "Mbona hamtumi bei kwa simu?" Afisa wa kilimo anataka ripoti. Basi kikundi kinachanga pesa, kijana wa kompyuta anaitwa, anaweka picha nzuri za wanachama na shamba lao. Baada ya miezi sita, kijana amepata kazi mjini na hakuna mtu kijijini anayejua kubadilisha hata nambari ya simu. Bei iliyo pale ni ya msimu uliopita. Mnunuzi anapiga simu, haishiki, anaenda kwa wengine.

Hapo pesa za wanachama zimepotea. Tena si pesa tu, hata jina la kikundi limechafuka.

Makala hii inaeleza njia moja ya kutengeneza tovuti na programu ambayo inaweza kupunguza hasara ya namna hiyo. Mafundi wanaiita mfumo wa maudhui usio na kichwa. Jina linashtua kidogo, lakini jambo lenyewe linaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuweka mahindi ghalani. Si lazima muwe mafundi. Mnahitaji kuelewa kiasi cha kujua mnalipia nini, na mumwulize fundi maswali gani kabla hamjafungua sanduku.

1. MAUDHUI NI NINI?

Maudhui ni yale ambayo mnataka watu wayajue: majina ya mazao yenu, bei, siku ya mkutano, picha ya mizinga, maelezo ya jinsi ya kukausha mboga, nambari ya simu ya katibu. Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu ya kompyuta inayowasaidia kuandika mambo hayo, kuyahifadhi, kuyasahihisha na kuyatangaza, bila kuandika lugha ya kompyuta kila mara.

Mfumo unaojulikana zaidi duniani ni WordPress, ulioanza mwaka 2003. Katika matumizi yake ya kawaida mfumo huu una mwili na kichwa pamoja. Mwili ni pale maudhui yanapohifadhiwa. Kichwa ni sura ambayo msomaji anaiona: rangi, mpangilio, herufi kubwa na ndogo. Mnaandika habari upande wa nyuma, nao unaibandika mbele kwenye ukurasa wa tovuti.

Kwa tovuti moja tu, hiyo ni njia nzuri. Shida inaanza mnapotaka maneno yale yale yaonekane mahali pengine: kwenye programu ya simu, kwenye meseji za wale wenye kabambe, kwenye karatasi ya kubandika nje ya kanisa baada ya Misa. Mnaanza kunakili. Bei inaandikwa mara nne, na siku inapobadilika, mtu anaibadilisha mahali pawili na kusahau pawili. Sasa kikundi kimoja kina bei mbili, na mnunuzi anawaona kama watu wasioaminika.

2. KICHWA KIKIONDOLEWA

Fikirini ghala la mahindi. Mahindi yakiwa ghalani, bado hayajawa chakula cha namna yoyote. Mama mmoja atayachukua apike githeri. Mwingine atayapeleka posho mill apate unga wa ugali. Wa tatu atapika uji wa mtoto. Mahindi ni yale yale, vyungu ni tofauti. Ghala haliulizi mtapika nini. Kazi yake ni kuyatunza yasiingiwe na dumuzi na kuyatoa yanapohitajika.

Mfumo usio na kichwa ni ghala la namna hiyo. Unatunza maudhui peke yake, bila kuyavisha sura. Sura zinatengenezwa kando, kila moja kwa kazi yake: tovuti ni chungu kimoja, programu ya simu ni chungu cha pili, meseji ni cha tatu, karatasi ya matangazo ni cha nne. Vyote vinachota kutoka ghala moja. Katibu akibadilisha bei ya maharagwe mara moja ghalani, vyungu vyote vinapata bei mpya.

Faida ya pili: sura ikizeeka mnaweza kuibadilisha bila kugusa ghala. Fundi wa kwanza akihama, fundi wa pili anaweza kujenga tovuti mpya juu ya maudhui yale yale ya miaka mitano. Hamuanzi tena mwanzo.

3. KIDIRISHA CHA GHALA

Mtu atauliza, "Sasa tovuti inajuaje kilichomo ghalani?" Hapa kuna kitu kinachoitwa API. Msiogope hizo herufi tatu. Ni kidirisha cha ghala. Programu inakuja dirishani na kuuliza kwa utaratibu uliokubaliwa, kwa mfano, "Nipe mazao yote yaliyo tayari kuuzwa." Ghala linajibu kwa maandishi matupu yaliyopangwa vizuri:

jina: maharagwe ya nyayo
kipimo: gorogoro
bei: 250
kiasi kilichopo: 90

Hakuna rangi wala picha ya maua pembeni. (Bei hiyo ni ya mfano tu, msije mkanidai!) Mpangilio wa maandishi hayo kwa kawaida ni ule unaoitwa JSON, ambao karibu kila lugha ya kompyuta inaweza kuusoma. Ni kazi ya tovuti kuyachukua na kuyavisha sura inayopendeza.

Wakenya tunatumia vidirisha hivi kila siku bila kujua. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua API ya M-Pesa inayoitwa Daraja. Unaponunua kitu kwenye tovuti ya duka, kisha simu yako inakuomba uweke namba ya siri ya M-Pesa, ni programu ya duka imekwenda kwenye kidirisha cha M-Pesa kuomba malipo. Jina lenyewe linaeleza kazi: ni daraja kati ya mifumo miwili.

Mfano mwingine wa hapa kwetu ni Ushahidi. Programu hii ilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walituma taarifa kwa meseji, kwa barua pepe na kwa tovuti, nazo zikaonyeshwa kwenye ramani. Katika matoleo ya baadaye, mafundi wake walitenganisha sehemu ya nyuma inayotunza taarifa na sehemu ya mbele inayoonekana, sehemu hizo mbili zikawa zinazungumza kwa API. Wazo ni lile lile la ghala na vyungu.

4. MIFUMO ILIYOPO

Iko mingi. Nitataja michache ili fundi akiitaja msikae kama wageni.

(a) Strapi. Ilianzia Ufaransa. Ilitengenezwa tangu mwanzo iwe bila kichwa. Ina toleo la bure ambalo mnaweza kuliweka kwenye seva yenu, yaani kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana ili watu waifikie kwa intaneti.

(b) WordPress yenyewe. Tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, makala na kurasa zake zinaweza kuchotwa kwa API. Kwa hivyo kikundi ambacho tayari kina WordPress hakina haja ya kuitupa. Inaweza kubaki ghala, na fundi akatengeneza kichwa kipya kando.

(c) Drupal. Nayo ni ya bure, na tangu mwaka 2019 inakuja na API ya namna hii ndani yake. Ina nguvu sana, lakini inataka fundi mwenye uzoefu.

(d) Mifumo ya kukodi, kama Contentful iliyoanzia Berlin, Ujerumani, mwaka 2013, na Sanity ya kutoka Norway. Hapa ghala liko kwa kampuni na nyinyi hamshughuliki na seva. Kuna kiwango cha bure chenye mipaka. Mkipita mipaka hiyo mnalipa kwa dola, na shilingi yetu tunaijua, leo iko hivi na kesho iko vile.

Mkumbuke kwamba neno "bure" hapa ni kuhusu programu tu. Seva inalipiwa, jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, na fundi naye ana watoto wa kusomesha.

5. KAZI YA KWANZA INAFANYWA KWA MANILA

Sehemu iliyo muhimu kuliko zote haihitaji kompyuta. Inahitaji karatasi ya manila, kalamu za wino mzito na wanachama waliokaa kwa duara.

Tuseme kikundi chenu kinauza asali na maharagwe, na pia kinafundisha wengine kufuga nyuki. Jiulizeni: je, tuna vitu vya aina gani? Labda mtapata vitatu: Mazao, Mafunzo na Mikutano. Kila aina mwipe karatasi yake. Kisha kwenye kila karatasi mwandike visanduku vinavyohitajika.

Kwa Mazao: jina, kipimo (gorogoro, kilo, chupa), bei, kiasi kilichopo, tarehe ya kuvunwa, picha, maelezo mafupi.

Kwa Mafunzo: kichwa cha somo; tarehe; mahali; mwalimu; ada; nafasi zilizobaki.

Kwa Mikutano: tarehe, saa, mahali, ajenda.

Mbona tugawanye hivyo? Kwa sababu mkiandika yote katika aya moja, "Tuko na maharagwe mazuri sana ya mwezi wa pili kwa bei nafuu", mwanadamu ataelewa lakini kompyuta haitajua bei iko wapi. Haiwezi kupanga mazao kuanzia bei ya chini, wala haiwezi kutuma meseji fupi yenye jina na bei tu. Bei ikikaa kwenye kisanduku chake kama namba, na tarehe kama tarehe, kila chungu kitachota kile kinachokifaa. Meseji itachukua visanduku vitatu na tovuti itachukua vyote saba.

Mkimaliza manila, mpeni fundi. Hapo mmemrahisishia kazi, na ametengeneza kitu chenu, si kitu alichokiota yeye.

6. NANI ATASHIKA FUNGUO?

Katika mifumo hii kila mtu anapewa jina lake la kuingilia na kazi yake. Kijana anaweza kuruhusiwa kuandika rasimu tu. Katibu anasoma, anasahihisha, kisha anaitangaza. Mweka hazina anaweza kubadilisha bei peke yake. Hii ni desturi yetu ya daftari, imehamia kwenye kompyuta tu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini kuna funguo kubwa kuliko hizo. Vikundi vya kuweka akiba vinajua lile sanduku lenye kufuli tatu, na watu watatu wanashika funguo. Fanyeni hivyo hivyo:

- Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la kikundi, si kwa jina la fundi wala la mwenyekiti. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia mawakala wake. Yako .co.ke kwa ajili ya biashara na .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida.

- Maneno ya siri ya seva na ya msimamizi mkuu yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuwekwa na maofisa wawili walio mahali tofauti. Fundi akiondoka, yabadilishwe siku hiyo hiyo.

- Kila mwezi itolewe nakala ya akiba ya ghala lote, iwekwe kwenye diski ya kikundi. Mara moja moja fundi ajaribu kuirudisha mkiwa mnaona. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni kama mbegu ambayo haijapimwa kama itaota.

Kanisa limefundisha kwa muda mrefu, tangu Papa Pius XI mwaka 1931, kwamba jambo linaloweza kufanywa na watu wa chini wenyewe lisinyakuliwe na walio juu yao. Kikundi kilichokosa funguo za tovuti yake kimenyang'anywa kitu chake, hata kama aliyekichukua ni mtoto wa kijiji mwenye tabasamu.

7. SIRI ZA WANACHAMA

Hapa naomba tusome polepole. Kidirisha cha ghala kikiachwa wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuchota. Ikiwa ndani mmeweka bei ya maharagwe, hakuna ubaya, hiyo ni ya kutangazwa. Lakini kuna vikundi vinavyotaka kuweka humo majina ya wanachama, namba za kitambulisho, madeni ya kila mtu, hata nani anatumia dawa gani. Tovuti inaweza kuwa haionyeshi mambo hayo, na bado kidirisha kikayatoa kwa yeyote anayejua kuuliza. Kwa sababu sura na ghala vimetengana, kutoonekana kwenye ukurasa si ulinzi.

Fikirini mjane ambaye deni lake linasomwa na kijiji kizima, au mgonjwa ambaye siri yake imetoka. Tovuti inatengenezwa upya kwa wiki mbili. Mtu akishaaibishwa namna hiyo, hata miaka miwili huenda isitoshe.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayosimamia sheria hiyo. Kwa ufupi, mwanachama ana haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa nini, kuziona, na kuomba zisahihishwe au zifutwe pale sheria inaporuhusu. Habari za mtoto zinahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Kwa hivyo hata ile picha ya watoto wa wanachama msiiweke kabla ya kuuliza.

Kanuni rahisi: ghala la matangazo liwe na yale tu ambayo mngeweza kuyabandika nje ya kanisa. Daftari la madeni likae mahali pengine kabisa. Na mmwambie fundi aanze kwa kufunga kila kitu, kisha afungue kimoja kimoja kinachohitajika, na kufungua huko kuwe kwa kusoma tu, si kuandika.

8. MANDAZI AU CHAPATI?

Wasomaji wetu wananunua bando kwa shilingi chache. Tovuti nzito inakula bando kabla haijafunguka. Hapa mfumo usio na kichwa una msaada mzuri.

Kuna kibanda kinachopika chapati mteja akifika, na kuna kile kilichokaanga mandazi alfajiri, mteja akija anapewa mara moja. Fundi anaweza kutengeneza tovuti kwa njia ya mandazi: kila katibu anapotangaza jambo, programu inachota maudhui yote, inaandaa kurasa tayari na kuziweka. Msomaji anapewa ukurasa uliokwisha kuiva. Unafunguka haraka, seva haichoki, na gharama ya kuuhifadhi ni ndogo. Kwa kikundi ambacho bei zake hubadilika mara moja kwa wiki, mandazi yanatosha kabisa.

Na wenye kabambe wasisahaulike. Ziko kampuni, kama Africa's Talking iliyoanzia hapa Kenya, ambazo zina API ya kutuma meseji. Fundi anaweza kuunganisha ghala na huduma hiyo, bei ikitangazwa siku ya Jumatatu, meseji inatoka yenyewe. Kila meseji inalipiwa, basi fanyeni hesabu kwanza: wanachama wangapi, mara ngapi kwa mwezi, bei ya meseji moja ni ngapi.

9. LINI MFUMO HUU HAUFAI?

Si kila mtu anahitaji ghala. Mwenye debe moja la mahindi anaweka jikoni tu. Kama mnachotaka ni ukurasa mmoja wenye jina la kikundi, picha na simu, WordPress ya kawaida inatosha. Na kama wanunuzi wenu wote wako kwenye kundi la WhatsApp na mambo yanakwenda, msichange pesa kwa ajili ya kujionyesha.

Mfumo usio na kichwa una gharama zake. Vitu vya kutunza ni viwili au zaidi, siyo kimoja. Unahitaji fundi anayejua kuandika programu, maana sura haiji na mfumo. Pia katibu anapoandika huenda asione papo hapo jinsi ukurasa utakavyokuwa, mpaka fundi atengeneze njia ya kutazama kwanza. Unafaa pale maudhui yale yale yanapokwenda mahali pawili au zaidi, na kikundi kinatarajia kuyatumia kwa miaka.

10. MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

1. Mfumo gani utatumia, na gharama ya mwaka wa pili ni ngapi?
2. Jina la tovuti litaandikishwa kwa nani?
3. Ukiondoka leo, fundi mwingine ataendeleaje?
4. Tunaweza kutoa maudhui yetu yote na kuyapeleka kwingine? Tuonyeshe sasa.
5. Kidirisha kipi kiko wazi kwa watu wote, na kinatoa nini?
6. Ukurasa wetu wa kwanza unakula bando kiasi gani?
7. Utawafundisha wanachama wangapi kuweka habari, na kwa siku ngapi?

Fundi mzuri atafurahia maswali haya. Yule atakayekasirika amewaokolea pesa zenu.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

- Habari zetu zinaandikwa mahali pangapi sasa? Ziko sawa kote?
- Ni nani anategemea habari zetu, naye anatumia simu ya namna gani?
- Ni habari gani za wanachama ambazo hazipaswi kuingia kwenye intaneti hata siku moja?
- Ni wanachama gani wawili, mmoja mama na mmoja kijana, tutakaowachagua kujifunza kazi hii pamoja?

Mkutano ujao anzeni na manila. Andikeni aina za vitu vyenu na visanduku vyake, mwone kama mnakubaliana. Mkikosa kukubaliana juu ya karatasi, kompyuta haitawapatanisha. Mkikubaliana, sehemu ngumu mmeshaimaliza, na bado hamjatumia hata shilingi.